Kifaa cha mvuke: Nusu shari au shari na nusu?

UMEVUTA sigara kwa miaka kumi na mitano. Ulijaribu kuiacha Januari, ukajaribu tena wakati wa Kwaresima au Ramadhani, na kila mara ulijikuta umerudi kwenye kibanda kile kile kununua moja, kisha mbili, kisha pakiti. Sasa mwenzako kazini amekuonyesha kifaa kidogo mfano wa kalamu nene, chenye betri na tangi la majimaji, naye anakuapia kwamba hajagusa sigara tangu alipokinunua. Unaingia katika duka moja katikati ya mji kuulizia. Kijana aliye nyuma ya kaunta anakuhakikishia kuwa hicho hakina madhara yoyote, ni mvuke tu. Je, ukinunue?

Makala ya juma hili yanajibu swali hilo. Nia yetu ni kukupa vipimo ambavyo unaweza kuvitumia mwenyewe, dukani na nyumbani, ili uamue kama kifaa cha kujazwa kinakufaa kwa matumizi ya kila siku.

Kabla hatujaanza, yafaa tuelewane kuhusu anayehusika. Somo hili ni la mtu mzima ambaye tayari ni mvutaji na ambaye ameshindwa kuiacha sigara. Ikiwa huvuti, jibu lako ni fupi: usianze. Nikotini hujenga uraibu upesi, na mapafu yako hayana faida yoyote ya kupata. Kijana aliye chini ya miaka 18 asikiguse kabisa, maana ubongo wake ungali unakua na huzoea nikotini haraka kuliko wa mtu mzima. Naye mama mjamzito anayevuta sigara azungumze kwanza na wahudumu wa kliniki yake.

KIFAA HIKI NI NINI?

Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo ilibuniwa mwaka wa 2003 na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji. Vijana wa mijini huiita vepu. Hata kama maumbo yake ni mengi, sehemu zake muhimu ni tano: betri, koili, pamba, tangi na mdomo wa kuvutia.

Koili ni waya mdogo uliosokotwa na kuzungukwa na pamba. Pamba hufyonza majimaji kutoka kwenye tangi. Ukivuta au ukibonyeza kitufe, betri huupasha waya joto na majimaji yaliyo kwenye pamba hugeuka kuwa wingu la matone madogo mno. Hilo ndilo huingia mapafuni. Tunaliita mvuke kwa mazoea tu, lakini lisidhaniwe kuwa sawa na mvuke wa maji unaotoka katika birika la chai. Ndani yake mna propilini glikoli, glisarini, vikolezo vya ladha na nikotini.

Vifaa hivi ni vya aina mbili kubwa. Kuna vile vya kutumia na kutupa, na kuna vile vya kujaza upya. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vile vya kutupa kuanzia Juni 1, 2025, kwa sababu ya taka zake na kwa sababu vilipendwa mno na watoto. Kifaa cha kujaza kina ubora wake: unaona unachotia ndani, unachagua kiasi cha nikotini na unaweza kukipunguza kadiri siku zinavyopita. Upungufu wake ni kwamba wewe ndiwe fundi. Ukikitunza vibaya, hasara ni yako.

TULINGANISHE NA NINI?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Anayekilinganisha kifaa hiki na hewa safi atasema ni kibaya, na atakuwa amesema kweli. Anayekilinganisha na sigara atasema ni nafuu, naye pia atakuwa amesema kweli.

Sigara huua kwa sababu huungua. Tumbaku ikiteketea hutoa moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati ya hizo husababisha saratani. Hutoa pia lami inayoganda mapafuni, na gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, ambayo huinyima damu hewa ya oksijeni. Katika kifaa cha mvuke hakuna kitu kinachoungua, almradi kinatumiwa ipasavyo. Hakuna lami wala kaboni monoksaidi, na kemikali nyingi za sumu huwa hazipo au huwa za kiwango cha chini sana. Nikotini yenyewe ndiyo inayokufunga, lakini si yo inayosababisha saratani ya mapafu. Hata hivyo si kitu cha mchezo, kwani huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Je, kifaa hiki humsaidia mtu kuiacha sigara? Mwaka wa 2019, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu walipewa vibandiko, chingamu na dawa nyinginezo za nikotini. Nusu nyingine walipewa kifaa cha mvuke cha kujazwa, na wote wakapewa ushauri wa ana kwa ana kila juma kwa angalau majuma manne. Baada ya mwaka mmoja, watu 18 katika kila 100 wa kundi la mvuke walikuwa wameacha sigara. Katika kundi la pili walikuwa kama 10 katika kila 100.

Zitazame hesabu hizo vizuri, msomaji. Kwanza, watu 82 kati ya 100 hawakufaulu, kwa hivyo kifaa si muujiza. Pili, wote walikuwa na mshauri, jambo ambalo muuzaji hakupi dukani. Tatu, kati ya wale waliofaulu kwa kifaa, wanane katika kila kumi walikuwa bado wanavuta mvuke mwaka ulipokwisha. Waliiacha sigara, lakini hawakuiacha nikotini.

Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linasisitiza kwamba vifaa hivi vina madhara, na mnamo Desemba 2023 liliyataka mataifa yachukue hatua za haraka za kuwakinga watoto. Kadhalika, madhara ya kuvuta mvuke kwa miaka thelathini au arubaini hayajapimwa, kwa kuwa kifaa chenyewe hakijafikisha umri huo.

Wahenga walinena kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Msemo huo unafaa hapa kwa sharti moja, nalo ni kwamba uiache ile shari kamili. Mtu anayevuta mvuke ofisini na sigara jioni hajachukua nusu shari. Amejitwika shari na nusu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo na kiharusi inayombeba anayevuta 20. Kupunguza kutoka kumi hadi mbili, basi, kunasaidia moyo wako kidogo kuliko unavyofikiri.

Kwa hivyo kipimo kikuu cha kifaa chochote ni hiki: je, kitakuondoa kwenye sigara kabisa? Maswali sita yafuatayo yote yanalitumikia hilo moja.

1. KINA NIKOTINI KIASI GANI?

Soma kibandiko cha chupa. Nikotini huandikwa kwa miligramu katika kila mililita, au kwa asilimia. Kubadilisha ni rahisi: asilimia 2 ni miligramu 20 kwa mililita, na asilimia 5 ni miligramu 50. Sheria za Muungano wa Ulaya za mwaka wa 2014 ziliweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, chupa isiyozidi mililita 10 na tangi lisilozidi mililita 2. Uingereza nayo inatumia vipimo hivyo hivyo. Vitumie kama rula yako hata kama duka unaloingia linauza vikali zaidi.

Anayevuta pakiti nzima kwa siku huhitaji kuanza karibu na kikomo hicho, takriban miligramu 18 au 20. Anayevuta sigara chache aanze chini yake. Kosa la kawaida ni mvutaji sugu kununua majimaji hafifu sana kwa kudhani anajihurumia. Matokeo yake huwa ni kuvuta mfululizo kutwa nzima, kuingiza wingu kubwa zaidi mapafuni, na jioni kwenda kibandani kwa sababu kiu haijakatika.

Mwili wako utakuambia. Ukipatwa na kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma au moyo kwenda mbio, umezidisha. Kiweke kifaa kando, na ukirejea vuta polepole au punguza nguvu ya majimaji. Ikiwa saa moja baada ya kuvuta bado unatamani sigara, huenda kiasi ni kidogo.

2. MAJIMAJI YANA NINI?

Chupa isiyo na kibandiko irudishe rafuni. Kibandiko kizuri hutaja viungo, kiasi cha nikotini, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kifuniko kiwe kile cha kubonyeza na kuzungusha, ambacho mtoto hawezi kukifungua kwa urahisi.

Usitie mafuta ya aina yoyote ndani ya kifaa. Mafuta yanayolika salama tumboni huleta ugonjwa yakifika mapafuni. Mwaka wa 2019, hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana waliokuwa wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki, wafu wakiwa 68. Wachunguzi waligundua kwamba wengi walikuwa wamevuta majimaji ya bangi, aghalabu yaliyonunuliwa kwa njia za panya, na yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E ili yawe mazito. Funzo ni bayana: usinunue majimaji yaliyochanganywa na mtu usiyemjua, wala usichanganye yako jikoni.

Jihadhari pia na ladha. Kikolezo kiitwacho diasetili, chenye harufu ya siagi, ndicho kilichohusishwa na ugonjwa mbaya wa mapafu uliogunduliwa mwaka wa 2000 miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi katika jimbo la Missouri, Marekani. Kitu kuruhusiwa katika chakula si ithibati kwamba kinaweza kuvutwa. Ladha zenye vikolezo vichache ndizo za busara zaidi.

3. KOILI NA PAMBA NI ZA AINA GANI?

Koili hupimwa kwa omu. Zilizo na omu moja au zaidi hutumia nguvu kidogo na hutoa wingu dogo, nazo huvutwa kama sigara: kwanza mdomoni, kisha mapafuni. Zilizo chini ya omu moja hutoa wingu kubwa na zimetengenezewa majimaji hafifu, kama ya miligramu 3. Anayetia majimaji ya miligramu 20 katika kifaa cha wingu kubwa atapata nikotini kupita kiasi. Kwa anayetafuta kuiacha sigara, kifaa cha wingu dogo ndicho hufaa zaidi.

Sasa hatua za kujaza. Zima kifaa. Fungua tangi na utie majimaji polepole pembeni, bila kuyamwaga katika tundu la hewa lililo katikati. Funga, kisha kisimamishe wima kwa dakika tano hadi kumi ili pamba ilowe. Hatua hii ya kungoja ndiyo ambayo wengi huiruka. Pamba kavu ikipashwa joto huungua, na majimaji yanayozidishiwa joto hutoa fomaldehaidi, kemikali ile ile inayotumiwa kuhifadhi maiti. Utaitambua kwa ladha kali ya kitu kilichoungua. Ukiipata, acha papo hapo. Usijikaze kisabuni ati kwa kuwa umelipa.

Koili moja hudumu kama juma moja au mawili. Ikianza kuleta ladha ya kuungua, au wingu likipungua ilhali tangi limejaa, ibadilishe. Usijaze upya tangi likiwa kavu kabisa, jaza likiwa limebaki na robo.

4. BETRI INAAMINIKA?

Betri za vifaa hivi ni za lithiamu kama za simu. Zikiharibika huweza kuwaka moto au kulipuka, na zimewahi kuwaunguza watu mapajani na usoni. Kagua kama kifaa kina kinga ya kujizima kikipata moto kupita kiasi au kikivutwa kwa muda mrefu, na kama kina kitufe cha kukifunga kisiwake mfukoni. Anayeanza afadhali achague chenye betri ya ndani isiyotolewa.

Kichaji kwa waya na chaja inayopendekezwa na mtengenezaji, mahali unapokiona. Usikiache kwenye umeme usiku kucha, wala chini ya mto, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Betri za kutoa zisitiwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa sababu chuma kikiunganisha ncha zake mbili moto huzuka. Zitie katika kikasha cha plastiki. Iliyochubuka ganda isitumiwe tena.

Ukisafiri kwa ndege, kifaa hukaa katika mkoba wa mkononi na si katika mzigo wa chini, na hairuhusiwi kukichaji ndani ya ndege. Kumbuka pia kwamba si kila nchi inakikubali. Jirani zetu wa Uganda walivipiga marufuku katika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2015, na India ikafanya hivyo mwaka wa 2019. Kabla ya kupanda basi la Kampala, kiache nyumbani.

5. KINAVUJA? WATOTO WAKO SALAMA?

Jaribio ni rahisi. Kijaze, kifunge, kisha kilaze juu ya karatasi nyeupe kwa usiku mmoja. Doa lolote asubuhi ni onyo. Kagua mpira unaoziba mdomo wa tangi na uone kama koili imekazwa barabara. Kifaa kinachovuja mfukoni hukupaka nikotini kwenye ngozi, na ngozi huifyonza. Yakikumwagikia, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mtoto. Majimaji haya hunukia embe, stroberi au peremende, na kiasi kidogo tu kikimezwa na mtoto mdogo huweza kumtoa roho. Dalili ni kutapika, kutokwa na jasho na mate, moyo kwenda mbio, kisha ulegevu na degedege. Usimtapishe. Mkimbize hospitali iliyo karibu na uichukue chupa uende nayo, ili daktari ajue kilichomezwa. Chupa zikae juu, ndani ya kabati lenye kufuli, na si kwenye meza ya sebuleni karibu na rimoti ya televisheni.

Usivutie ndani ya nyumba yenye watoto. Kile unachokitoa kinywani kina nikotini na kemikali nyinginezo, hata kama ni kidogo kuliko cha sigara. Isitoshe, mtoto hujifunza kwa macho. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, lakini hakuna sheria inayoweza kumzuia mtoto kuiga anachokiona kwa babake au mamake kila jioni.

6. UTAWEZA KUKIENDESHA KILA MWEZI?

Usidanganywe na bei ya kifaa peke yake. Gharama ya kweli ni majimaji na koili. Fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Tuseme chupa ya mililita 10 inakutosha siku tano, na koili moja siku kumi. Kwa mwezi wa siku 30 utahitaji chupa sita na koili tatu. Zidisha kwa bei ulizotajiwa, kisha linganisha na unachotumia kwa sigara mwezi mzima, ukihesabu pia zile za moja moja ambazo huwa hatuzihesabu.

Muulize muuzaji kama koili za kifaa hicho hicho zinapatikana, na kama zinapatikana katika zaidi ya duka moja. Hili linaonekana dogo lakini limewaangusha wengi. Koili ikiungua Jumamosi usiku nawe huna nyingine, duka limefungwa ilhali kibanda cha sigara kiko wazi hatua ishirini kutoka langoni. Basi weka koili mbili na chupa moja ya akiba siku zote. Na siku stima ikipotea, kifaa kiwe kimechajiwa mapema.

JARIBIO LA MAJUMA MAWILI

Ukishakinunua, kipime kwa majuma mawili. Chagua siku ya kuanzia, na usiku wake utupe sigara zilizobaki, kiberiti na kisahani cha majivu. Chukua daftari na kila jioni uandike mambo manne: sigara ulizovuta, mililita ulizotumia, jinsi kifua kilivyokuwa, na saa uliyopata hamu kali zaidi.

Juma la kwanza usishangae ukikohoa, koo likikauka au usingizi ukipungua. Kunywa maji ya kutosha. Wapenzi wa kahawa wapunguze vikombe, kwa sababu moshi wa sigara huliharakisha ini kuondoa kafeini mwilini, na ukiacha moshi, kikombe kile kile hukupiga zaidi. Jambo hilo hilo hutokea kwa dawa fulani, zikiwemo theofilini ya pumu na klozapini ya maradhi ya akili. Ikiwa unatumia dawa yoyote ya kila siku, mwarifu daktari wako kabla ya siku ya kuanza.

Siku ya kumi na nne fungua daftari. Ikiwa safu ya sigara ina sifuri mfululizo tangu juma la pili lilipoanza, kifaa kimefanya kazi yake. Ikiwa bado unavuta mbili tatu, tazama ni saa ngapi na urekebishe: huenda nikotini ni kidogo, huenda ni mazoea ya chai ya saa nne na wenzako. Jipe majuma mawili mengine. Mwezi ukiisha nawe bado unavuta vyote viwili, basi ukweli lazima usemwe: kifaa hicho hakijakusaidia, na kuendelea nacho ni kuongeza gharama na nikotini.

Kuna njia nyingine. Vibandiko na chingamu za nikotini, pamoja na dawa za bupropioni na vareniklini, zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulize mfamasia au daktari kuhusu zinazopatikana karibu nawe. Na njia yoyote utakayoichagua, tafuta mshauri, maana mtu anayeulizwa hali yake kila juma hushinda kuliko anayepambana kimya kimya.

Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, homa isiyoeleweka au makohozi yenye damu si mambo ya kungoja jaribio liishe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba unavuta mvuke na ulichovuta. Kikohozi kinachozidi majuma mawili kipimwe kifua kikuu, kwa sababu wavutaji wa sigara hupatwa na ugonjwa huo mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Usikisingizie kifaa kabla hujapimwa.

MLANGO WA KUTOKEA

Mwisho, kifaa kizuri ni kile kinachokuruhusu kukiacha. Ukishakaa miezi mitatu hivi bila sigara na bila kuitamani, anza kushuka ngazi: kutoka miligramu 20 hadi 12, kisha 6, kisha 3, ukikaa majuma kadhaa katika kila ngazi. Ukihisi unaanza kuvuta mfululizo ili kufidia, rudi ngazi moja na ungoje. Usikimbie kiasi cha kujirudisha kwenye sigara, maana huko ndiko kwenye hatari kubwa. Lakini usikae pia ukidhani umefika.

Hebu sasa turudi dukani. Kijana wa kaunta angali anangoja jibu, nawe una maswali sita ya kumwuliza: nikotini kiasi gani, majimaji yana nini, koili ni ya omu ngapi, betri ina kinga gani, tangi huziba vipi, na koili za kubadilisha zinapatikana wapi. Asipoweza kuyajibu, sema asante na uende duka jingine. Akiyajibu yote sawasawa, bado limebaki swali la saba, ambalo ni lako peke yako kulijibu: je, kesho asubuhi uko tayari kupita pale kibandani bila kusimama? Kama jibu ni ndiyo, unanunua nusu shari. Kama sivyo, zifunge pesa zako kwanza, na uende ukamwone mshauri.